Mkusanyaji huokoa, mkusanyaji hufuta: Funzo la Tarihi ya Mabingwa Wanne

Tuna mazoea, sisi tunaojishughulisha na lugha na fasihi, ya kuusifu ukusanyaji kana kwamba hauna gharama. Mtu akizunguka vijijini au maktabani, akaokota vipande vilivyotapakaa na kuvifunga katika kitabu kimoja, tunampigia makofi na kusema ameokoa urithi. Naam, ameokoa. Lakini je, amefuta nini alipokuwa akiokoa? Swali hili haliulizwi mara nyingi, labda kwa kuwa linaonekana kama utovu wa shukrani.

Leo nataka kuliuliza kuhusu kazi moja ya mbali, ambayo sharti kila mtafiti wa miswada aifahamu. Ni *Annála Ríoghachta Éireann*, yaani Tarihi za Ufalme wa Ayalandi, iliyoandikwa kwa Kiayalandi kati ya mwaka 1632 na 1636. Wengi huiita Tarihi ya Mabingwa Wanne. Waayalandi huienzi kama nguzo ya taifa lao, na wanaoisifu husifu mambo mawili: ukamilifu wake na ufasaha wa lugha yake. Mimi naona tofauti. Thamani kubwa ya kitabu hiki imo katika dibaji yake, ambamo wakusanyaji walitaja waziwazi vitabu walivyovitumia. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba, baada ya kuvitaja, walivichanganya na kuvilainisha hadi aghalabu msomaji hawezi kujua neno lipi limetoka wapi.

Tuanze na maana. Tarihi si historia kama tunavyoifahamu darasani. Mwanahistoria husimulia, huunganisha chanzo na matokeo, hutoa hukumu. Mwandishi wa tarihi huandika mwaka, kisha chini yake huorodhesha yaliyotokea: mfalme fulani amefariki, abati fulani amefariki, vita vimepiganwa mahali fulani, tauni imeingia, theluji imeua mifugo, jua limepatwa. Kisha anafungua mwaka mwingine. Hasemi kwa nini. Huko Ayalandi kazi hii ilianzia katika makao ya watawa wa Kikristo, na wataalamu wanakubaliana kwamba kufikia karne ya saba au ya nane kulikuwa na kumbukumbu zilizoandikwa karibu na wakati wa matukio yenyewe, hasa katika kisiwa cha Iona, pwani ya Uskoti, ambako watawa wa Kiayalandi walikuwa wamejenga makao yao.

Ushahidi wa uandishi huo wa papo kwa papo upo, na ni mtamu. Mnamo mwaka 664 jua lilipatwa. Bede, mwanazuoni mashuhuri wa Uingereza aliyeandika miongo kadhaa baadaye, alisema tukio hilo lilikuwa tarehe 3 Mei. Tarihi za Ulster, ambazo ni za Kiayalandi, zinasema tarehe 1 Mei. Wanafalaki wa leo wamepiga hesabu zao na kukuta kwamba jua lilipatwa tarehe 1 Mei. Mtawa asiyejulikana jina alitazama juu, akaona giza mchana, akaandika. Karibu miaka 1,400 baadaye kauli yake bado imesimama, na ya mwanazuoni maarufu imeanguka.

Sasa hebu tuangalie hali iliyowazaa Mabingwa Wanne. Mwaka 1607 watawala wakubwa wa Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, walipanda meli na kukimbilia Bara Ulaya baada ya kushindwa vita na Waingereza. Ardhi yao ilitwaliwa na kugawiwa wahamiaji kutoka Uingereza na Uskoti. Jambo hilo lilikuwa na athari ya kisiasa, lakini pia lilikuwa na athari ya kitaaluma ambayo haitajwi sana. Katika jamii ya Kiayalandi, uandishi wa tarihi, ushairi, sheria na utabibu ulikuwa kazi ya koo maalumu, zilizorithishana elimu baba kwa mwana, na koo hizo zilitunzwa na watawala. Mtawala akiondoka, ardhi ya mwanazuoni nayo inaondoka. Maktaba haichomwi, inakosa tu mtu wa kuilisha familia inayoitunza. Baada ya kizazi kimoja au viwili, hakuna anayeweza kuisoma.

Mwaka huohuo wa 1607, Wafransisko wa Kiayalandi walianzisha chuo mjini Louvain, katika nchi tunayoiita Ubelgiji siku hizi. Kutoka huko, mnamo 1626, alitumwa nyumbani bruda mmoja, Mícheál Ó Cléirigh, mzaliwa wa Donegal na mwana wa ukoo wa wanatarihi. Kazi aliyopewa ilikuwa kukusanya habari za watakatifu wa Ayalandi. Alizunguka miaka kadhaa, akinakili miswada kila alikoipata. Kisha akajikuta anataka kukusanya zaidi ya watakatifu. Akatafuta mfadhili, akampata Fearghal Ó Gadhra, mbunge wa Sligo katika bunge la Dublin. Akawaita wenzake: Cú Choigcríche Ó Cléirigh, Fearfeasa Ó Maol Chonaire na Cú Choigcríche Ó Duibhgeannáin. Hawa wanne ndio Mabingwa. Jina lenyewe hawakujipa. Walipewa na John Colgan, mwanazuoni wa Louvain, katika kitabu chake cha watakatifu cha mwaka 1645.

Walianza tarehe 22 Januari 1632 na kumaliza tarehe 10 Agosti 1636, wakiwa wageni wa watawa wa Donegal kando ya mto Drowes. Watawa wale walikuwa wamefukuzwa kutoka jengo lao kuu na kuishi maisha ya kujificha nusu, lakini ndio waliowalisha na kuwahudumia waandishi. Dibaji inataja hata hilo. Tena inataja wasaidizi wawili ambao hawakuhesabiwa miongoni mwa wanne, na kusema kwamba mmoja wao, Muiris Ó Maol Chonaire, alikaa nao mwezi mmoja. Katika maelezo yake kwa mfadhili, Ó Cléirigh anasema aliona kwamba mambo haya yasipoandikwa sasa, wakati wanatarihi wangali hai, hayatapatikana tena hadi mwisho wa dunia. Si maneno ya kutisha watu. Mhenga alisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huyu bruda aliona mali inapotea na daftari zenyewe zinapotea pamoja nayo.

Sasa nifike kwenye dibaji, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko sehemu zote. Wanataja vitabu vyao kimoja baada ya kingine. Kulikuwa na Kitabu cha Clonmacnoise na Kitabu cha Kisiwa cha Watakatifu kilichoko katika ziwa Ree, na wanaeleza kwamba hivyo viwili havikuvuka mwaka 1227. Kulikuwa na Kitabu cha Seanadh kutoka ziwa Erne, ambacho ndicho tunachokiita leo Tarihi za Ulster. Kulikuwa na kitabu cha ukoo wa Ó Maol Chonaire na kile cha ukoo wa Ó Duibhgeannáin wa Kilronan. Kulikuwa na kitabu cha Lughaidh Ó Cléirigh, cha miaka ya 1586 hadi 1602. Na kilikuwapo kitabu cha ukoo wa Mac Fhirbhisigh wa Lecan, ambacho, wanasema bila kuficha, walikipata baada ya sehemu kubwa ya kazi kuwa tayari imeandikwa.

Ebu soma tena hilo la mwisho. Mtafiti anakiri kwamba chanzo muhimu kilimfikia akiwa amechelewa, na kwamba alichofanya ni kuchomeka aliyoyaona kuwa muhimu. Ni watafiti wangapi wa leo wangeandika hivyo katika tasnifu zao? Isitoshe, kitabu kilipokwisha, Ó Cléirigh hakukimbilia kukitangaza. Alifunga safari kukipeleka kwa wanazuoni wawili wa koo nyingine, Flann Mac Aodhagáin na Conchobhar Mac Bruaideadha, ili wakisome na kukitolea ithibati, kisha akakipeleka kwa maaskofu. Sisi tunaodhani kwamba kupitiwa na wataalamu wenza kabla ya kuchapisha ni uvumbuzi wa majarida ya kisasa, tujue kwamba bruda mmoja alifanya hivyo katika karne ya 17, tena kwa kuzunguka nchi nzima.

Haya, sifa zimetosha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nina lawama nne.

Ya kwanza inahusu kuhesabu mashahidi. Msomaji akiona orodha ndefu ya vitabu, anadhani kwamba jambo likikubaliwa na vitabu vitano basi limethibitishwa mara tano. Sivyo. Utafiti wa karne moja na zaidi umeonyesha kwamba tarihi nyingi zilizobaki za Ayalandi, zikiwemo za Ulster, za Inisfallen, za Tigernach na *Chronicon Scotorum*, zinatokana na tarihi moja iliyopotea. Wataalamu wanaiita Tarihi ya Ayalandi, na wengi wanakubali kwamba iliishia mwaka 911, baada ya hapo kila tawi likashika njia yake. Hakuna mtu aliyeiona. Imetambuliwa kwa kulinganisha: pale ambapo vitabu tofauti vinasema jambo moja kwa maneno yaleyale na kwa mpangilio uleule, ni wazi vina mama mmoja. Basi kwa miaka ya kabla ya 911, Mabingwa walipokuwa na vitabu vitatu mbele yao, mara nyingi walikuwa na shahidi mmoja aliyevaa kanzu tatu. Hawakuwa na njia ya kulijua hilo, wala siwalaumu kwa kutolijua. Ninalolilaumu ni kwamba kwa kuvichanganya walitunyima sisi njia ya kulijua kupitia kwao. Laiti vitabu vingine visingesalia, siri ya mama yule mmoja isingefichuka kamwe.

Lawama ya pili inahusu miaka. Vita vya Clontarf, ambapo mfalme Brian Bóruma aliuawa, vilipiganwa Ijumaa Kuu, tarehe 23 Aprili 1014. Mabingwa Wanne wameviweka chini ya mwaka 1013. Katika karne za nyuma zaidi tofauti huwa kubwa kuliko mwaka mmoja. Tarihi za Ulster nazo zina kosa lake: kwa karne kadhaa tarakimu zake za mwaka ziko nyuma kwa mwaka mmoja, kiasi kwamba kupatwa kwa jua nilikokutaja kumewekwa chini ya 663. Lakini tazama tofauti. Kosa la Ulster ni la aina moja na linajirudia, kwa hiyo ukilijua unaongeza mwaka mmoja na kuendelea. Makosa ya Mabingwa hayana kanuni, kwa sababu waliunganisha vitabu vyenye mahesabu tofauti na kulazimisha vyote viingie katika safu moja. Kosa lenye utaratibu hurekebishika. Kosa lililochanganywa ni kama chumvi iliyoyeyuka mchuzini.

Lawama ya tatu inahusu fremu waliyoipa historia. Kitabu kinaanza mwaka wa 2242 wa kuumbwa kwa dunia, na mtu wa kwanza kufika Ayalandi, mwanamke aitwaye Ceasair, anatua siku arubaini kabla ya Gharika ya Nuhu. Kinaishia 1616, mwaka aliofariki uhamishoni Roma Aodh Ó Néill, kiongozi wa wale waliokimbia 1607. Kati ya Gharika na kifo hicho, kwa karne nyingi kila mwaka unapewa kichwa: mwaka wa tano wa mfalme fulani juu ya Ayalandi, mwaka wa sita, mwaka wa saba. Msomaji anapata picha ya ufalme mmoja wenye mfalme mmoja, tangu kale. Lakini tarihi za zamani zilizokuwa mezani mwao hazisemi hivyo kwa uthabiti huo. Zinaonyesha wafalme wengi wa majimbo na wa nchi ndogondogo wakipigana, na wanahistoria wa leo wanatilia shaka kubwa kama mfalme wa Ayalandi nzima alikuwako katika karne hizo za mwanzo kwa maana wanayoipa Mabingwa. Vilevile, habari nyingi za nje zilizokuwa katika tarihi za kale, za mapapa, za wafalme wa Uingereza na za Uskoti, zimeachwa. Jina la kitabu limeamua kitakachoingia. Ni Tarihi za *Ufalme* wa Ayalandi, na zilizokusanywa wakati ambapo watu waliona ufalme huo unawatoka mikononi. Naelewa uchungu wao. Lakini uchungu wa 1636 si ushahidi wa mwaka 636.

Lawama ya nne ndiyo inayonigusa zaidi kama mwanaisimu. Tarihi za kale ziliandikwa kwa Kilatini, kisha taratibu Kiayalandi kikaingia, neno moja hapa, sentensi nzima pale, hadi kikatawala. Huo mchanganyiko ni hazina. Unaonyesha lugha ya wenyeji ikijitwalia ukumbi wa kitaaluma kutoka kwa lugha ya kigeni, mwaka baada ya mwaka. Mabingwa Wanne waliufuta. Waligeuza Kilatini kuwa Kiayalandi, na Kiayalandi chenyewe wakakiandika kwa mtindo mmoja uliopambwa kwa maneno ya kale, ambao kwa wakati wao haukuwa lugha ya mtu yeyote anayezungumza.

Mtu ataniuliza, hasara iko wapi? Mlinganishe na mnakili wa Tarihi za Ulster. Mwishoni mwa karne ya 15, Ruaidhrí Ó Luinín alikuwa akimwandikia mwanazuoni Cathal Mac Maghnusa, aliyefariki 1498, katika kisiwa kilichoko ziwa Erne. Alinakili maandishi ya karne saba au nane kabla yake, na kwa sehemu kubwa akaacha tahajia za kale kama alivyozikuta, hata pale ambapo lugha ilikuwa imeshabadilika kabisa. Matokeo yake? Mwaka 1910 mwanaisimu Tomás Ó Máille alichapisha utafiti mzima kuhusu lugha ya tarihi hizo, akitumia tahajia ya majina na maneno, mwaka kwa mwaka, kufuatilia namna sauti za Kiayalandi zilivyobadilika. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kufanywa kwa kitabu cha Mabingwa Wanne. Ó Luinín aliyekubali kuwa mkono tu wa waliomtangulia ametuachia ushahidi wa lugha; Mabingwa waliotaka lugha ipendeze wametuachia ladha yao.

Na hapa pana jambo la kushangaza. Ó Cléirigh alijua tofauti hiyo vizuri sana. Miswada yake ya habari za watakatifu, ambayo mingi imo katika Maktaba ya Kifalme mjini Brussels, ina maelezo mafupi aliyoyaandika mwishoni mwa kila kazi: nimenakili hiki mahali fulani, tarehe fulani, kutoka kitabu cha fulani. Mahali pengine analalamika kwamba habari anayoinakili haimpendezi, ila ameamrishwa kufuata nyayo za vitabu vya kale. Mtu huyuhuyu, basi, alipoamrishwa kunakili, alinakili kwa uaminifu huku akinung'unika. Alipopewa uhuru wa kutunga kitabu kikubwa cha taifa, alilainisha. Ningefurahi mno kama yule bruda mnung'unikaji wa Brussels angekuwa ameketi na mwenzake kando ya mto Drowes.

Je, kwa lawama hizi nne tukitupe kitabu? Hata kidogo. Wapo wasomi waliowahi kukidharau kwa kuwa tarihi za zamani zaidi zimepatikana na kuchapishwa. Nawaambia: usiache mbachao kwa msala upitao. Kitabu cha Kisiwa cha Watakatifu hakipo tena. Kitabu cha Clonmacnoise hakipo. Tunachokiita leo Tarihi za Clonmacnoise ni tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa mwaka 1627 na Conall Mac Eochagáin, na asili yake ya Kiayalandi imepotea. Kwa vitabu kama hivi, Mabingwa ni dirisha, japo lenye kioo cha rangi. Na kwa karne ya 16, wanakaribia wakati wao wenyewe, wanasimulia kwa urefu, na mara nyingi hatuna mwingine wa kumuuliza. Tena pale chanzo kilipobaki tunaweza kuwapima. Kitabu cha Lughaidh Ó Cléirigh, kinachosimulia maisha ya Aodh Ruadh Ó Domhnaill, kipo. Mhakiki anaweza kukiweka kando ya tarihi yao, akaona walichokichukua, walichokifupisha na walichokiacha. Akishajua tabia ya mkono wao hapo, anaweza kukisia kwa tahadhari walivyovitenda vitabu vilivyopotea. Yote haya yanawezekana kwa sababu moja tu: dibaji ilitaja majina.

Safari ya kitabu chenyewe inathibitisha hoja hii. Ziliandikwa nakala mbili, moja ya mfadhili na moja ya kupelekwa Louvain, na majuzuu yaliyosalia leo yamegawanyika kati ya maktaba tatu za Dublin. John O'Donovan alipochapisha toleo lake kuu la majuzuu saba, kati ya 1848 na 1851, Kiayalandi upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, hakuweza kuufikia mswada wa asili wa sehemu ya kwanza, ambao ulikuwa katika maktaba ya kitajiri huko Uingereza. Kwa miaka ya kabla ya 1172 ilimbidi ategemee toleo lenye makosa lililochapishwa 1826. Lakini alilisema hilo, na akajaza kurasa zake tanbihi ndefu zinazolinganisha tarihi nyingine na kurekebisha miaka. Zaidi ya nusu ya thamani ya toleo lake imo katika tanbihi hizo. Na usisahau miaka ile ilikuwa ya nini: njaa kuu ya Ayalandi, ambamo watu wapatao milioni moja walikufa, wengi wao wakiwa wazungumzaji wa lugha ileile aliyokuwa akiihariri.

Msomaji wa Lamu au Nairobi anaweza kuuliza: na sisi je? Sisi tunazo tarihi zetu, na maswali ni yaleyale. Chukua Habari za Pate. Zipo katika matoleo kadhaa. Stigand alichapisha tafsiri ya Kiingereza mwaka 1913, Alice Werner akafuata na toleo lake muda mfupi baadaye, na kuna miswada mingine. Ukiyaona yanakubaliana unaweza kudhani una mashahidi wengi. Lakini mengi ya matoleo hayo yanarudi kwa mtu mmoja, Bwana Kitini, mjuzi wa ukoo wa Nabahani, na inasimuliwa kwamba kitabu cha asili kiliangamia Waingereza walipoishambulia Witu mwaka 1890. Shahidi mmoja, kanzu kadhaa. Neville Chittick alipoitilia shaka miaka ya mwanzo ya tarihi hiyo mnamo 1969, akisema imerudishwa nyuma kupita kiasi, alikuwa akifanya kazi ileile wanayoifanya wahakiki wa tarihi za Ayalandi.

Nalileta hili kwa sababu ya jambo linaloendelea katika ukusanyaji wetu. Nimesoma miswada mingi ya wanafunzi na ya wahariri ambamo masimulizi matatu ya wazee watatu yameunganishwa kuwa simulizi moja murua. Nimesoma tenzi ambazo maneno ya Kiamu yamebadilishwa kuwa ya Kiswahili sanifu, eti msomaji asitatizike. Ukiuliza beti hii imetoka mswada gani, hakuna jibu. Ukiuliza mzee yupi alisema hivi na yupi alikataa, hakuna jibu. Mhariri anajivunia kwamba kazi inasomeka bila kikwazo. Kwa hakika inasomeka. Ila hicho kikwazo alichokiondoa ndicho kilichokuwa ushahidi.

Ó Cléirigh alionyesha pia namna ya kumsaidia msomaji bila kumfutia maandishi. Mwaka 1643 sherehe yake ya maneno magumu ya Kiayalandi cha kale ilichapishwa Louvain. Neno likiwa gumu, liache mahali pake, kisha lieleze kando. Hiyo ndiyo njia ninayowahimiza wanafunzi wangu waifuate na Kiamu, na Kimvita, na Kingozi.

Kwa hivyo, anayekusanya na akusanye, tena haraka, kwa maana wazee hawatungoji. Lakini ataje kila kitabu na kila msemaji kwa jina, pale panapofaa kumtaja. Aseme nani alikuwa naye kwa mwezi mmoja na kitabu gani kilimfikia akiwa amechelewa. Matoleo yanayopingana ayaweke kando kwa kando. Na wachapishaji wetu, ambao huzipunguza tanbihi kwa kuogopa gharama ya karatasi, wajue kwamba miaka mia nne ijayo huenda hizo tanbihi ndizo zitakazosomwa.